Pazia la Bi Esha

Video ilikuwa ya dakika moja na nusu. Mwanamkisi aliikata kwa mkono wake, akaipa jina na kuiweka kwenye kompyuta zote nne za ofisi. Mambo ya video, ndiyo kazi yake pale, hakuwa mtu wa kuyakosea. Jumatatu asubuhi aliikuta ina dakika mbili na sekunde kumi.

Alidhani ni uchovu. Laiti angetoka mbio saa ile ile mpaka gatini, akamshika mumewe kanzu asimwachilie, kwa sababu kilichoingia ofisini mle kilikuja kumtaka Abdulwahid. Lakini nani anayeona sekunde arubaini zimezidi kwenye video akamkimbilia mumewe? Alivuta kiti, akaketi, akaibonyeza icheze.

Ilikuwa video ya nyumba. Bwana Kamaludin, mwenye ofisi, alikuwa dalali wa majumba ya kale, na nyumba hii ya Mtamwini ilikuwa na mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka kuiona kabla ya kutia sahihi. Ikaonekana daka, ile baraza ya kuingilia, na mlango wake wa nakshi, ikaonekana kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha msana, chumba kirefu cha mbele, kisha kamera ikaingia ndani kabisa kwenye ukuta wa zidaka, zile rafu za chokaa walizojengewa mabibi waweke vyombo vyao vya kaure. Upande wa kulia palining'inia pazia jeupe. Kamera ilipolifikia pazia, video ikakatika na programu ikajifunga yenyewe, bila onyo lolote.

Saa ya video ilisoma dakika moja na sekunde ishirini.

Akairudia, ikakatika pale pale. Akahamia kompyuta ya pili, ya tatu, ya nne, na zote zikafika kwenye pazia zikajifunga. Akaiondoa ile pleya akaiweka upya. Akapakua pleya nyingine, akaibadilisha faili kuwa ya aina nyingine, akaihamisha kwa flashi mpaka kwenye kompyuta yake mwenyewe ya mapajani, ambayo haijawahi kumtia aibu tangu ainunue. Dakika moja na sekunde ishirini.

"Mimi nimeizima, nikaiwasha, nikaitoa hadi stimu," alisema Wairimu, karani wa mapokezi, mtu wa Nyeri aliyekuwa na miaka miwili kisiwani Amu na bado akilalamika juu ya joto kila asubuhi kama jambo jipya. "Wapi! Na si hiyo peke yake. Hata video ya kwaya yetu, iko kwa simu yangu, imekatika hapo hapo kwa one-twenty. Hii ni virusi, ama?"

"Ni virusi," alisema Mwanamkisi.

"Na nani ameweka hizi dawa za nondo? Ofisi yote inanuka."

Mwanamkisi naye alikuwa ameisikia harufu ile tangu aingie. Haikuwa dawa ya nondo. Wairimu hakuwa na sababu ya kuijua, lakini mtu aliyezaliwa Amu huijua toka utotoni, kwa kuwa huisikia siku nyumba inapofiwa. Ilikuwa kafuri, ile inayotiwa katika maji ya mwisho ya kumwosha maiti.

Adhuhuri Abdulwahid alimpigia simu, kama alivyompigia kila siku akishafunga boti. Alikuwa mwendeshaji wa boti ya mashine, akichukua wageni na mizigo mpaka Kiwayu. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na simu ile ya adhuhuri bado ilimfanya Mwanamkisi atabasamu peke yake.

"Wamkumbuka yule mama niliyemtukua Kipungani, yule uliyeniletea wewe?" aliuliza. "Bi Esha. Amefariki yana. Wamzishiye yana kwa yana."

Jana, na kuzikwa jana ile ile. Mwanamkisi aliisogeza simu mbali na sikio.

"Innaa lillaahi," alisema Abdulwahid. "Ndia yote alikuwa akilia chini ya buibui. Nikadhani ni maradhi."

Sasa na isemwe alichokifanya Mwanamkisi, maana mwenyewe kwa wiki tatu alikuwa ameukataza moyo wake kukisema.

Bi Esha alifiwa na mume katika nyumba ile ya Mtamwini, akakaa eda kama wanavyokaa wenziwe, miezi minne na siku kumi, siku mia moja na thelathini nyuma ya pazia, amevaa nyeupe, haonani na mwanamume wa kando, hatoki nde ya nyumba ila kwa dharura. Hakuwa na mtoto. Wapwa wa marehemu walikuwa Mombasa, nao walishamkabidhi Bwana Kamaludin nyumba aiuze. Bi Esha aliomba jambo moja tu, amalize eda yake humo humo, kisha waifanye watakavyo. Lakini mnunuzi alitaka video, na alitaka nyumba iwe tupu.

Kamaludin asingeweza kuingia, na mwanamume yeyote asingeweza. Ndipo akamtuma Mwanamkisi. "Wewe ni mwanamke," alimwambia. "Wewe huna haramu ya kulipita pazia lile. Mwambie lolote, mradi atoke."

Mwanamkisi akalipita pazia. Alimkuta Bi Esha ameketi kitandani na bakuli la kaure mapajani, akitia kokwa ya tende. Kila siku alikula tende moja na kokwa yake akaitia humo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake. "Ya themanini hini, mwanangu," alisema, akafurahi kuona mgeni. Mwanamkisi alimwambia kuna bomba limepasuka ukutani, nyumba si salama, atoke saa moja tu mafundi watengeneze. Akamvika buibui, akamshika mkono, akampitisha uchochoroni mpaka kwenye boti ya mumewe. Mumewe naye Mwanamkisi alimdanganya, akamwambia huyu ni mgonjwa anayepelekwa kwa jamaa zake Kipungani. Boti ilipong'oka ndipo Bi Esha alipofahamu. "Nisitiri, mwanangu," alisema. "Nirudishe nisitiri." Mwanamkisi alirudi ndani ya nyumba ile akapiga video.

Alijichukia siku ile. Alijichukia, kisha akaenda nyumbani akapika.

Jumanne aliijia ile video kwa hila za kifundi. Aliitoa sauti peke yake akaiweka katika programu nyingine, akavaa vile vya masikioni. Video ile hakuipiga na sauti, alikuwa na hakika, maana alikusudia kuitilia muziki. Lakini sauti ilikuwemo. Ilikuwa ya kitu kidogo kigumu kikianguka katika kaure, tik, kisha kimya, kisha tik, mara moja kila sekunde. Akazihesabu. Zilifika themanini, zikasita. Baada ya hapo, kwa sekunde hamsini zilizobaki mpaka mwisho, kulikuwa na pumzi tu, pumzi ya mtu aliyekaa karibu sana na kinasa sauti, anayengoja.

Akaja kwenye picha, akazifungua moja moja kama mtu anayefunua kurasa. Picha ya mwisho kabla ya kukatika ilikuwa ya pazia. Siku ile kitanda kilikuwa kitupu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa mwenye kitanda. Lakini pembeni mwa pazia, kwa ndani, palikuwa na vidole vinne virefu mno, vimelishika kwa utaratibu, kama vya mtu anayetaka kuhakikisha halifunguki tena, na alipoisogeza picha ile mbele kwa kijipande kimoja ambacho pleya haikuwahi kukionesha, vidole vile havikuwa tena kwenye pazia bali kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta, upande wa ndani, na harufu ya kafuri ikampanda puani mpaka macho yakamtoka machozi.

Alipiga ukelele. Wairimu akaja mbio, na Bwana Kamaludin akashuka ngazi na miwani mkononi.

"Futa hiyo video," alisema Kamaludin aliposimuliwa, naye uso umemsawijika. "Futa, uende ukapige nyingine."

Aliifuta. Ikarudi. Akaifuta kwenye kompyuta zote, akalimwaga na lile pipa la taka la kompyuta, na kabla hajainua mkono ikawa imekaa pale pale ilipokuwa, na jina lile lile alilolipa.

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, akaletwa Ustadh Ubaid. Alikuwa mganga wa kitabu, mtu mfupi mwenye haraka, aliyejulikana kwa kutotaka upuuzi. Aliamuru kompyuta zote zing'olewe stimu, akachoma ubani, akakaa kwenye kiti cha wateja akaanza kusoma. Jua la utosi lilikuwa likimulika mpaka kizingitini, na mtaani punda walipita na mchanga wa ujenzi. Hakuna aliyeogopa sana, kwa kuwa mchana humpa mtu moyo. Wairimu alisimama mlangoni na simu yake, akitaka kuchukua video.

Ustadh alifika katikati ya kisomo. Kioo cha kompyuta ya kwanza, isiyokuwa na stimu, kikawa cheupe, kisha cha pili, kisha vyote, vyeupe vya kitambaa kinachosogezwa na upepo, na tik ikasikika, na tik, na simu ikamponyoka Wairimu ikaanguka sakafuni, naye akaketi chini polepole, akalivuta sweta lake akajifunika kichwa, akakunja miguu kama wanavyokunja mabibi wa Amu wakikaa mkekani, na akaanza kusema kwa sauti kavu ya kizee, huyu Wairimu ambaye juzi tu aliuliza kizingiti ni nini.

"Mimi ndimi mwenye nyumba. Miaka arubaini Esha alinifukiza, kulla Alkhamisi, hakunisahau. Mumemtowa nde, na eda yake haiyesha."

"Wataka nini?" aliuliza Ustadh.

"Siku zake. Themanini zikakatwa. Zimesaliya khamsini." Kichwa kilichofunikwa kikageuka kumwelekea Mwanamkisi. "Mkono uliofungua pazia lile utakaa nyuma ya pazia, uzimalize siku za Esha. Na zikisha, takuya kwa ulimi uloamrisha."

"Mimi?" alinong'ona Kamaludin. "Mimi sikumgusa! Ni huyu aliyeingia! Mwambie, Ustadh, mimi hata sikumwona yule mama kwa mato yangu!"

"Nitakaa," alisema Mwanamkisi. Alikuwa ameshapiga magoti. "Hamsini, mia, nitakaa, wallahi nitakaa hata leo."

Kutoka ndani ya sweta kikatoka kicheko kidogo.

"Mke mwenye mume hakai eda," kilisema kinywa cha Wairimu. "Yuwapi mumeo yeo?"

Wairimu akaanguka ubavu. Alipoamka hakukumbuka kitu, akauliza mbona simu yake imepasuka kioo, akalia kwa sababu ya simu ile. Mwanamkisi alikuwa bado amepiga magoti.

Ustadh Ubaid alimchukua Mwanamkisi pembeni peke yake, akasema naye kwa sauti ya chini. Kisomo chake hakikuweza kukitoa, alikiri, kwa kuwa kilikuja na haki yake. "Video ile kwa sasa haifutiki. Siku ikianza kwenda mbele ya pale inapokatika, ujue hesabu imefunguliwa, na hapo itafutika, lakini kwa idhini ya mkono ulioipiga tu. Wewe ukisema ifutwe, itafutika na hiki kitapotea nayo. Ikiachwa ikafika mwisho, kitatoka." Akamtazama kwa huruma. "Mwambie mumeo asome sana."

Lakini Mwanamkisi hakwenda kumwambia mumewe asome. Njiani kutoka ofisini alipatwa na wazo, akaliona ni wazo la ajabu, akaharakisha mwendo. Mke mwenye mume ndiye afiwaye. Asiye mke wa mtu hafiwi. Basi awe si mke wa mtu! Jini lije limtafute mumewe lisimpate, kwa kuwa hatakuwa na mume. Akifikiri hivyo alikuwa akitembea na kucheka na kulia, na watu wa Mkomani wakampisha njia.

Abdulwahid alikuwa akichonga mpini wa kasia sebuleni.

"Nipe talaka yangu," alisema Mwanamkisi, mlango haujafungwa.

Abdulwahid alicheka. Kisha akaona hachekewi. "Nimekukosa nini?"

"Hukunikosa."

"Basi mbona wanambia maneno haya? Nani amekutenda?"

Angemwambia kweli. Ulimi ulikuwa umeshafika hapo. Lakini alimjua: angechukua panga akaenda Mtamwini akakiita kitoke, mbele ya mtaa mzima. Hakuwa mtu wa kukimbia. Akalitafuta neno moja tu ambalo lingemtoa nyumbani, akalipata.

"Kuna mtu," alisema.

Kisu kilisimama kwenye mpini.

"Nipe moja," alisema Mwanamkisi. "Moja tu, Abdulwahid."

Hakuomba tatu, kwa kuwa alimpenda. Talaka moja ni rejea. Mambo yakishatulia, siku hamsini zikishapita, angemwendea akamwangukia miguuni akamsimulia yote, naye angesema nimekurejea, basi, yakaisha. Alikuwa amekwisha kuliona hata tabasamu lake la siku hiyo. Na Abdulwahid, aliyekuwa na kila sababu ya kumtupia zote tatu kwa hasira, naye alitoa moja, labda kwa tumaini kama hilo hilo.

"Nimekuacha talaka moja," alisema. Akavaa makubadhi, akaenda kwa mamake. Mpini aliuacha sakafuni.

Kwa siku nane Mwanamkisi alilala vizuri. Adhuhuri simu haikulia, na ilimuuma, lakini aliuhesabu ule uchungu kuwa ni dawa. Ofisini video iliendelea kukatika. Kamaludin aliapa ataihama ofisi, hakuihama.

Siku ya tisa, mchana mweupe, watu wa gatini walikwenda kumwamsha Abdulwahid kwa sala. Alikuwa amejinyoosha ndani ya boti yake chini ya turubai, mikono imewekwa vizuri kifuani. Hakuwa na jeraha wala povu. Walipomwinua walisikia harufu wakatazamana, kwa sababu kanzu yake ilinuka kafuri tele, na hapakuwa bado na mtu aliyemwosha.

Waliokuja kwa Mwanamkisi walikuwa wanawake watatu, wakiongozwa na Bi Hindu, mama wa Abdulwahid. Alikuwa na kitambaa cheupe mkononi. Mwanamkisi alipokiona alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mimi si mke wake," alisema. "Bi Hindu, mimi ameniacha! Mimi si mke wake!"

Bi Hindu alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, na kwa maneno ya kuwapo mwanamume mwingine alikuwa na haki ya kumtemea mate. Hakumtemea. "Amekuacha moya," alisema. "Talaka ya rejea. Na eda ya talaka haiyesha, hata mwezi haukutimia. Mume akifa humo, mke ni mke. Utamrithi, na utamkalia. Miezi minne na siku kumi. Ndoo nikuvike."

Mwanamkisi alivikwa. Pazia lilitundikwa, naye akajiwekea bakuli la kaure la kuhesabia siku kwa kokwa za tende. Alisikia misumari ikipigwa, na kila pigo alijiambia angeomba tatu. Angeomba tatu! Alimpenda kwa ujanja, akataka kumwokoa na kubaki naye, akamwacha mlango wazi kwa upana wa neno moja. Na Abdulwahid alikwenda kaburini akiamini kuna mtu.

Siku ya saba Wairimu alikuja kumpa pole. Alikaa kando ya kitanda, akamwekea tende alizomletea. Kisha akatoa simu yake mpya.

"Boss amenisumbua. Anasema lazima aongee na wewe, ni dharura. Nimemwambia uko eda, hasikii. Niweke spika?"

Mwanamkisi aliitikia kwa kichwa.

"Mwanamkisi?" Sauti ya Bwana Kamaludin ilikuwa ya mtu asiyelala. "Mungu akupe subira. Sikia, ile video imeanza kwenda. Tangu siku alipozikwa... tangu wiki iliyopita. Yaongeza sekunde moya kulla siku. Yeo imefika moja na ishirini na saba. Ustadh yuko Pate, amesema nikuulize wewe, pasi na neno lako haifutiki. Niifute? Sema tu ifute."

Mwanamkisi alikula tende, taratibu, akiitafuna mpaka ikaisha. Alikumbuka mwanamume huyu akinong'ona mimi sikumgusa. Alikumbuka, wewe huna haramu ya kulipita pazia lile. Moyo wake, uliokuwa umejaa kilio kwa siku saba, ulitulia kabisa, na hapo ndipo alipojua kwamba hayuko peke yake nyuma ya pazia, na kwamba hamwogopi tena aliye naye.

"Kafuri yanuka huko, Bwana?" aliuliza.

"Kidogo. Asubuhi kidogo. Mwanamkisi, niifute?"

"Mnunuzi si anaingoja?" alisema. "Iacheni, Bwana. Msiiguse. Iacheni iende mpaka mwisho, itakwisha yenyewe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alimsikia akishusha pumzi, akishukuru, akimwombea dua yeye na marehemu. Wairimu akazima simu, akamtazama rafiki yake kwa mashaka, kwa kuwa alikuwa akitabasamu.

Mwanamkisi aliitia kokwa ya saba ndani ya bakuli la kaure, nayo ikalia, tik. Kwake yeye zilikuwa zimebaki mia moja na ishirini na tatu. Kwa Bwana Kamaludin zilibaki arubaini na tatu.